Baiokemia mwaka wa kwanza: anayesoma kitabu anakatwa maksi, mwenye desa la pepa za zamani anapeta!

Wakuu, matokeo ya UE (mtihani wa chuo wa mwisho) yametoka juzi na nimejaribu kukaa kimya nimeshindwa. Nasoma udaktari (MD) mwaka wa kwanza. Chuo sitakitaja, tunaosoma pamoja mtajua wenyewe. Na kabla hamjaanza: nimefaulu. Baiokemia nina B+. Kwa hiyo yale ya "umelamba sapu ndiyo maana unalia" naomba tuyaweke kando. Ninaowasemea ni wenzangu wanaorudi Septemba kufanya sapu, yaani mtihani wa marudio, ya somo ambalo wengine wao wanalijua kuliko mimi.

Nianze na swali moja tu mlione lilivyo.

Sehemu A ya pepa ilikuwa ya kweli au si kweli, ule mtindo wa kukatwa: ukipatia unapata moja, ukikosea inaondoka moja uliyokwisha kuipata. Kati ya zile kauli kulikuwa na hii: molekuli moja ya glukosi ikivunjwa mpaka mwisho, hadi kaboni dayoksaidi na maji, inatoa ATP 38 (ATP ndiyo molekuli ya nishati inayotumiwa na seli).

Rafiki yangu aliandika si kweli. Na yuko sahihi! Hiyo 38 ni hesabu ya zamani, ya wakati ilipokuwa inachukuliwa kwamba kila NADH inaleta ATP 3 na kila FADH2 inaleta 2 (hizo mbili ni vibeba elektroni kutoka kwenye chakula kilichovunjwa). NADH ziko kumi, hiyo ni 30. FADH2 ziko mbili, hiyo ni 4. Ongeza nne zinazopatikana moja kwa moja, unapata 38. Baadaye watu wakapima vizuri protoni zinavyosukumwa kwenye mitokondria: NADH moja inasukuma protoni 10, FADH2 inasukuma 6, na kutengeneza ATP moja mpaka ikatoka nje kunagharimu protoni 4. Gawanya mwenyewe, unapata 2.5 na 1.5. Jumla inashuka hadi 32, au 30, kutegemea elektroni za NADH ya nje ya mitokondria zimeingilia mlango gani. Matoleo ya sasa ya vitabu vikubwa vya baiokemia ndivyo yanavyosema, na vitabu hivyo hivyo vimeorodheshwa kwenye muhtasari wa kozi tuliogawiwa wiki ya kwanza. "Someni vitabu, msitegemee slaidi," tuliambiwa.

Slaidi zinasema 38. Kwenye asidi ya palmitiki, ambayo ni asidi ya mafuta, zinasema ATP 129, vitabu vinasema 106. Aliyemeza slaidi akapata. Aliyekwenda maktaba akaumia mara mbili: hakupewa maksi yake, na ikaondoka nyingine. Kuna mwenzetu amegota 49. Pasi ni 50. Mnaelewa ninachosema? Yule mtu anarudi Septemba kwa sababu alijua jibu sahihi.

CR, mwakilishi wa darasa letu, alikwenda ofisini kuuliza kwa heshima zote, akiwa na kitabu mkononi na ukurasa ameukunja. Akajibiwa kwamba mtihani unasahihishwa kwa kilichofundishwa darasani. Basi. Kitabu hakikufunguliwa.

Hiyo ni kauli moja katika pepa nzima. Nyingine zipo, ila siwezi kuziandika kwa uhakika kwa sababu hatuoni karatasi zetu! Unaona namba kwenye akaunti yako, imekwisha. Ukitaka kukata rufaa unalipia, na unalipia kitu ambacho hujui kama una haki nacho au huna, kwa sababu karatasi hujaiona na mwongozo wa usahihishaji ni siri. Mtu mzima anasomea udaktari, kesho atakabidhiwa maisha ya watu, lakini haaminiki kuonyeshwa alikosea wapi. Sasa atajirekebisha vipi kwenye sapu? Anarudi kukariri upya kila kitu gizani.

Halafu kuna suala la desa, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Pepa za miaka ya nyuma zinarudiwa zilivyo. Sisemi mada zinajirudia, hiyo ni kawaida. Maswali yenyewe, neno kwa neno. Mwaka huu lilikuja swali la kuchagua ambalo jibu B na jibu D yalikuwa kitu kilekile, limekosewa kuchapwa. Tulipotoka nje ya venyu, mtu wa mwaka wa tatu akatuonyesha kwenye simu yake pepa ya wakati wao: swali lilelile, B na D zilezile, kosa lilelile. Hakuna aliyelisoma hata mara moja kabla ya kulirudufu. Kwa hiyo mwenye kaka au dada wa mwaka wa tatu anaingia na nusu ya mtihani kichwani. Mtoto aliyetoka zake Namtumbo, hamjui mtu chuoni, anakesha na kitabu, na ndiye anayeitwa mzembe matokeo yakitoka. Sina ugomvi na mwenye desa, akilipata asome. Ugomvi wangu ni na anayetunga mtihani unaoweza kufauliwa kwa desa peke yake, halafu akasimama mbele yetu kusema wanafunzi wa siku hizi hawasomi.

Tukija kwenye ufundishaji. Slaidi mia na kitu kwa saa mbili. Dokta anazisoma, anageuza, anasoma, anageuza. Ukinyoosha mkono: "Hilo utalikuta mbele." Mbele hatufiki. Mada ya lipidi iliahirishwa mara kadhaa, mwishowe ikasukumwa yote Jumamosi moja kabla ya UE, kutwa nzima, watu wamechoka hata kalamu hawashiki. Maabara ndiyo usiseme. Spektrofotomita, kifaa cha kupima mwanga unaonyonywa na kimiminika, inayofanya kazi ni moja, kundi zima tumeizunguka, fundi wa maabara anasoma namba kwa sauti na sisi tunaandika. Mimi nimemaliza baiokemia ya vitendo bila kugusa kile kifaa. Ripoti ya maabara nimepata maksi nzuri, kwa sababu namba zangu zilifanana na za kila mtu.

Na kinachoniuma zaidi ya maksi ni kwamba hili somo ni tamu, na lingeweza kufundishwa kwa mambo tunayoyaona kwetu kila siku.

Chukueni uzuiaji shindani wa vimeng'enya, pale vitu viwili vinapogombea kimeng'enya kimoja. Sisi tumeujua hivi: namba iitwayo Km inapanda, ile ya Vmax haibadiliki, chora mstari, peleka mbele. Lakini hospitali za nchi hii zinapokea watu waliokunywa gongo yenye methanoli. Methanoli inaingia kwenye ini, kimeng'enya kinachovunja pombe kinaigeuza kuwa fomaldihaidi, kisha inakuwa asidi ya fomiki, na hiyo asidi ndiyo inayompofusha mtu na kumuua. Dawa mojawapo ni kumpa mgonjwa ethanoli! Kimeng'enya kilekile kinaipenda ethanoli zaidi, kinashughulika nayo, methanoli inapata muda wa kutoka mwilini bila kugeuzwa sumu. Uzuiaji shindani ni huo, unafanyika wodini. Mei 2014 majirani zetu Kenya walizika watu wengi ndani ya siku chache kwa pombe ya namna hiyo, Embu, Kitui na kwingineko. Mfano huo ungechukua dakika tano darasani na hakuna ambaye angeusahau. Nimeupata kwa kujisomea, darasani haukutajwa.

Au konzo. Miaka ya 1980 huko Tarime watu walipooza miguu ghafla, wengi wao watoto na kina mama, kwa sababu ya kula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri kipindi cha njaa. Mihogo ile ina sianidi. Mwili unaweza kuitoa sumu hiyo kwa kuigeuza thiosianati, ila unahitaji salfa, na salfa inatoka kwenye asidi za amino kama sisteini na methionini. Familia inayokula muhogo mtupu bila maharage, bila samaki, bila nyama, salfa hiyo haina. Hapo ndani kuna asidi za amino, kuna vimeng'enya, kuna lishe, kuna umaskini, na ni hapa kwetu. Sisi kwenye sianidi tumefundishwa mstari mmoja tu, kwamba inazuia kompleksi ya nne ya mnyororo wa upumuaji wa seli. Kweli au si kweli.

Selimundu nayo. Tanzania ni kati ya nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa nayo, na ugonjwa wote unaanzia kwenye asidi moja ya amino, glutamati imepisha valini kwenye nafasi ya sita ya mnyororo wa beta. Slaidi moja. Tukapita.

Hata ule mzunguko wa Krebs, hatua ambazo seli inamalizia kuvunja chakula, ambao kila mtu anauogopa. Mwaka 1937 pale Sheffield, Hans Krebs alikuwa anasaga misuli ya kifua cha njiwa na kupima inavyokula oksijeni. Ukiweka kemikali iitwayo malonati, kimeng'enya kimoja kinaziba na saksinati, mojawapo ya vitu vya mzunguko huo, inarundikana. Kwa kuziba hapa na kuangalia kinachorundikana, mduara ukajifunga. Niulizeni hilo kwenye mtihani! Niambieni kimeng'enya fulani kimezibwa, nieleze nini kitajaa na nini kitapungua. Hapo mtamjua aliyeelewa na aliyekariri. Badala yake tunaulizwa tutaje hatua nane kwa mpangilio, mtu anaziandika zote kwa wimbo wa herufi za mwanzo, na wiki ya pili baada ya UE hazipo kichwani.

Najua kuna watakaokuja kusema "sisi tulipita hukohuko na leo ni madaktari." Nawaheshimu wakubwa zangu. Lakini naomba mjibu kwa ukweli: baiokemia mnayoitumia wodini leo mliijua darasani mwaka wa kwanza, au mlijifundisha upya mlipokutana na mgonjwa wa kisukari anayehema harakaharaka huku pumzi inanukia ketoni? Na wale wenzenu waliodisko (kufukuzwa chuo kwa kufeli) kwa somo hili, mna hakika wote hawakustahili? Mtu akidisko anarudi nyumbani na deni la Bodi ya Mikopo mgongoni na hana cheti chochote. Chuoni kwetu hata ukirudia sapu ukapata 90 unaandikiwa C, na hiyo C inakaa kwenye transkripti maisha yako yote.

Wengine watasema walimu wamezidiwa. Nakubali, darasa letu lina watu zaidi ya mia mbili na mwalimu wa somo karibu ni mmoja. Hilo ni kosa la chuo, na chuo kinachukua ada. Lakini kusahihisha 38 iwe 32 kwenye slaidi hakuhitaji bajeti. Kusoma swali kabla ya kulirudufu hakuhitaji kuajiri mtu.

Tunachotaka hakina makuu. Ile kauli ya ATP ifutwe kwa darasa zima na maksi zihesabiwe upya kabla ya Septemba, maana kuna watu wako 49 ambao hawapaswi kurudi kabisa. Baada ya UE mwongozo wa usahihishaji ubandikwe, na anayetaka kuiona karatasi yake aione mbele ya mwalimu, bila kulipia. Mtindo wa kukata maksi kwenye kweli au si kweli uondolewe, unamwadhibu anayethubutu kufikiri na kumlinda anayeacha wazi. Barua kwa mkuu wa idara tumeshaiandika, sahihi zinakusanywa, nakala inakwenda kwa mkuu wa kitivo na serikali ya wanafunzi. Wanaoogopa kusaini nawaelewa, jina litakumbukwa mwaka wa pili. Mimi langu ni la kwanza kwenye orodha.

Sasa naomba msaada wenu humu. Mliosoma MD, famasi, maabara au uuguzi vyuo vingine: je, kwenu mnaruhusiwa kuona karatasi za UE baada ya matokeo? Kama kanuni za mitihani za chuo chenu zina kifungu kinachosema hivyo, kipigeni picha mkiweke hapa, tukiambatanishe kwenye barua. Na kama kuna mtu aliwahi kukata rufaa ya swali lenye jibu lililopitwa na wakati, alianzia ofisi gani na ilichukua muda gani? Sapu iko karibu.