MREJESHO: Domeni ya gesti yetu Mikindani iliyodakwa na matapeli

Wakuu nimerudi. Niliwauliza kuhusu ile domeni (anwani ya tovuti) ya .com ya gesti yetu, iliisha muda jamaa aliyetutengenezea akiwa hapatikani, matapeli wakaidaka wakaweka picha zetu zilezile hadi mwembe wa uani, ila namba ya kulipia advansi ya kwao.

Kuirudisha nimeachana nako. Kesi ya WIPO, lile shirika la UN linalosikiliza migogoro ya domeni, ada tu inaanzia dola 1,500, hela hiyo si bora niezeke vyumba. Nilichofanya nikaangalia whois (rejista ya mtandaoni ya usajili wa domeni), nikaiona kampuni iliyowasajili, nikawatumia skrinishoti za meseji za wageni walioliwa, wakaizima. Namba ya simu ya tapeli nikairipoti 15040, ile ya kuripoti utapeli wa simu. Emeli zote zilizokuwa kwenye jina lile nikazitoa benki na kwingine, maana anayeshika domeni anaweza kupokea barua zako na kubadili paswedi kiulaini.

Sasa tuko .co.tz, nalipia mwenyewe. Kuna mama wa Masasi alitua usiku na watoto, meseji ya tapeli mkononi, tukampa chumba tu, tungefanyaje? Google bado inaleta linki ya zamani, aliyewahi kuiondoa anielekeze.