Kila mwanafunzi wa chuo kikuu alazimishwe kusoma hisabati? Napinga, na napinga pia wanaosema aachwe

Wadau, suala hili hurudi kila vyuo vikuu vinapopitia upya mitaala. Anayesomea sheria, uandishi wa habari, uuguzi au historia, je, alazimike kusoma kozi ya hisabati mwaka wa kwanza? Kuna wanaosema ndiyo, kwa kuwa wahitimu wetu hawajui namba. Wengine wanasema aliyechagua historia aachwe na historia yake. Wayne State University ya Marekani ilielekea huko mwaka 2016, ilipoondoa hisabati kwenye masomo ya lazima kwa wanafunzi wote. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea pa kutazama.

Nianze na wanaodai kozi ya lazima. Wao wanaamini tatizo ni uhaba wa hisabati. Mwaka 1978 watafiti waliwauliza watu 60 wa Harvard Medical School, wanafunzi pamoja na madaktari, swali moja. Ugonjwa unampata mtu 1 kati ya 1,000. Kipimo chake hukosea kwa asilimia 5 ya wasio na ugonjwa, kikionyesha kuwa wanao. Mtu ambaye hujui jambo jingine lolote kumhusu amepimwa, majibu yakasema anao. Uwezekano kwamba anao kweli ni kiasi gani? Karibu nusu walijibu asilimia 95. Waliopata walikuwa 11 tu.

Tulifanye hapa hapa. Chukua watu 1,000. Mgonjwa ni 1. Wanabaki 999, na asilimia 5 yao ni kama 50. Kwa hiyo kipimo kitawataja watu 51 kuwa wagonjwa, na mgonjwa halisi kati yao ni mmoja. Jibu ni asilimia 2 hivi. Ni kutoa, kuzidisha na kugawanya, basi! Wale watu walikuwa wamesoma hisabati ngumu kuliko hiyo kwa miaka mingi. Walichokosa ni mazoea ya kuiona asilimia na kuuliza mara moja: asilimia ya nani? Mazoea hayo hayaji kwa kumkalisha mwanafunzi wa uuguzi kwenye ukumbi uliofurika asikilize kalkulasi, kisha aisahau siku ya pili baada ya mtihani. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Gerd Gigerenzer, ameonyesha kwamba maswali ya namna hii yakiandikwa kwa idadi ya watu badala ya asilimia, wanaoyapata huongezeka sana. Maana yake ni kwamba jinsi ya kufundisha inabeba mengi ambayo kuongeza saa za masomo hakuwezi kuyabeba.

Sasa wale wa "aachwe". Hawa wananisikitisha zaidi, kwa sababu madhara ya msimamo wao huwaangukia watu wengine. Uingereza, mwaka 1999, Sally Clark, mama aliyefiwa na watoto wawili wachanga, alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kuwaua. Profesa wa tiba ya watoto aliiambia mahakama kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla vya watoto katika familia kama ile ni 1 kwa milioni 73. Namba ile ilitokana na uwezekano wa kifo kimoja cha namna hiyo, 1 kwa 8,543, uliozidishwa kwa wenyewe. Kuzidisha hivyo kunafaa pale tu kifo cha pili kinapokuwa hakina uhusiano wowote na cha kwanza. Hawa walikuwa watoto wa mama mmoja, baba mmoja, nyumba moja. Na hata namba ingekuwa sahihi, isingekuwa kipimo cha hatia yake, kwa sababu mama kuua watoto wake wawili nalo ni jambo adimu mno, na lilipaswa kupimwa pamoja na lile la kwanza. Royal Statistical Society, chama cha wanatakwimu cha Uingereza, ilitoa tamko la kuipinga hesabu hiyo mwaka 2001. Hukumu ilifutwa mwaka 2003, hasa baada ya kubainika kuwa kuna matokeo ya maabara ambayo upande wa utetezi haukupewa. Mama yule alifariki mwaka 2007. Anayesema mwanasheria hahitaji namba aisome kesi hiyo kwanza.

Msimamo wangu ni huu: namba zifundishwe ndani ya fani yenyewe, na mhadhiri wa fani hiyo, na zitahiniwe humo humo. Mwanafunzi wa uandishi wa habari apewe jedwali: wanawake 300 walifanya mtihani, wakafaulu 180, wanaume 100 walifanya, wakafaulu 80. Aandike habari. Atakayeandika kwamba asilimia 69 ya waliofaulu ni wanawake hajasema uongo. Atakayeishia hapo amewapotosha wasomaji, maana wanawake wamefaulu kwa asilimia 60 na wanaume kwa asilimia 80. Zoezi hilo ni la uandishi, na nani wa kulisahihisha vizuri kama si mhadhiri wa uandishi?

Najua nitajibiwa kwamba wahadhiri wengi wa fani hizo nao walizikimbia namba. Ni kweli, na hapo ndipo penye kazi. Uingereza ilipoanzisha mpango wa Q-Step mwaka 2013 ili kukuza mbinu za takwimu katika sayansi za jamii, ilitenga pauni milioni 19.5 kwa vyuo vikuu 15. Kumwandaa mhadhiri kuna gharama. Kozi moja ya lazima kwa wote ni rahisi kwa utawala, ndiyo maana inapendwa.

Na zoezi likiwa la kweli, matunda yake si madogo. Mwaka huohuo wa 2013 zilitangazwa hesabu za Thomas Herndon, mwanafunzi wa uchumi wa University of Massachusetts Amherst, Marekani, aliyekuwa amepewa kazi ya darasani: chagua utafiti uliochapishwa, urudie hesabu zake. Alichagua makala mashuhuri ya wanauchumi Reinhart na Rogoff ya mwaka 2010 kuhusu deni la taifa. Katika faili lao la Excel fomula ya wastani ilikuwa imeruka nchi tano. Pamoja na dosari nyingine alizozikuta, wastani wa ukuaji wa uchumi kwa nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa uligeuka kutoka asilimia -0.1 hadi asilimia 2.2. Serikali zilikuwa zimeitaja makala ile zikitetea kubana matumizi.

Mnaofundisha fani zisizo za sayansi, nawauliza moja kwa moja: tasnifu ikija mezani kwako ina jedwali ambalo asilimia zake zimesomwa kinyume, na sura ya mahitimisho imejengwa juu yake, utairudisha au utasahihisha sarufi na kuipitisha?