Simu ya Mama (kikundi cha Nyumbani Hombolo)

IJUMAA

19:42 Neema: Habari za jioni jamani. Nimetoka Hombolo, nipo kwenye gari narudi mjini. Simu ya Mama imefika mwisho. Nimempigia mara nne asubuhi hapatikani, kumbe imezima na yuko nayo mkononi. Inaonyesha chaji asilimia 40, ukipiga picha moja tu inazima.

19:44 Yona: Hiyo betri tu. Asilimia 40 ya betri iliyochoka ni ya uongo.

19:44 Neema: Na kioo? Kina ufa kona kwa kona.

19:45 Yona: Ufa hauzuii kuongea. Yangu ina ufa tangu mwaka juzi.

19:51 Mjomba Lazaro: Hamjambo wanangu

19:51 Sifa: Shikamoo Mjomba

19:52 Neema: Shikamoo Mjomba

19:53 Mjomba Lazaro: Marahaba. Mnunulieni dada yangu simu mpya. Amewasomesha nyote watatu kwa zabibu na karanga, leo mnakaa kikao cha betri?

19:55 Yona: Shikamoo Mjomba. Hatukatai, ila muhula ndio umeanza, ada haijatulia. Simu mpya ya maana dukani si chini ya 280,000. Za chini ya hapo unanunua leo, Krismasi unanunua tena.

19:58 Mama: Mimi simu yangu nzima. Msisumbuke. Neema umefika?

19:58 Neema: Bado Mama, tupo Nanenane

20:03 Shangazi Kibaigwa: Nimesoma yote. Msithubutu kumchukulia wifi yangu simu ya mkopo, maana najua ndiko mnakoelekea

20:03 Yona: 😂 Shangazi umejuaje

20:06 Shangazi Kibaigwa: Nilitoa kianzio 60,000, kila siku 1,200 kwa mwaka mzima. Nikaona 1,200 ni hela ya vocha tu. Siku mbili nimeugua sijalipa, ya tatu niko sokoni na mnunuzi wa magunia thelathini, simu ikajifunga. Jiwe. Namba ya dereva wa lori iko ndani, ya mnunuzi iko ndani. Mahindi nikauza kwa bei ya huruma

20:08 Sifa: Shangazi 1,200 mara 365 ni 438,000. Weka na kianzio, 498,000. Dukani ilikuwa bei gani?

20:09 Shangazi Kibaigwa: 280,000. Usinikumbushe

20:12 Mjomba Lazaro: Basi mtumba. Ziko nyingi nzuri.

20:13 Sifa: Mjomba mtumba sawa, ila kabla ya kutoa hela unabonyeza *#06#, unapata IMEI, namba ya utambulisho wa simu, unaituma 15090 wakuambie ni simu gani. Jina likija tofauti na unayoishika, rudisha.

20:17 Mjomba Lazaro: Mimi huna haja ya kunifundisha hilo. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki yangu ilikwenda nazo. Ilikuwa na laini tatu, tochi na antena ya kuvuta ya runinga. Nimelala ina mtandao, nimeamka nina tochi.

20:18 Yona: 😂😂😂😂

20:20 Neema: Turudi kwa Mama. Hii picha nimepiga leo, mwone wenyewe.

20:20 Neema: [picha]

20:24 Sifa: Dada huo mpira wa nini?

20:24 Neema: Mpira gani

20:25 Sifa: Uliozungushwa kwenye simu. Wa kufungia mifuko.

20:26 Neema: Aa, mfuniko wa nyuma umebanduka gundi. Mama kaufunga usidondoke.

20:27 Sifa: Gundi haijabanduka. Angalia pembeni, katikati pamenyanyuka kuliko kwenye kona. Betri imevimba.

20:28 Sifa: Mama, tafadhali usiichaji usiku huu, na usiiweke chini ya mto. Ilaze sakafuni mbali na godoro. Usiibonyeze irudi ndani.

20:29 Mjomba Lazaro: Italipuka?

20:32 Sifa: Si lazima, ila ikitoboka au ikikandamizwa inaweza kuwaka. Ndani ni lithiamu. Ikizeeka inatoa gesi, gesi haina pa kutokea, ndiyo uvimbe. Betri kama hii baada ya kuchaji na kuisha mara 500 hivi inakuwa imeshapoteza sehemu ya nguvu yake, na ya Mama ni ya mwisho wa 2020, inachajiwa kila siku. Halafu joto ndilo linaua zaidi. Mama si huwa unaichaji dirishani kwenye jua?

20:35 Mama: Ndio ha o kwenye mtandao

20:36 Yona: Maana ya "ha o"?

20:36 Neema: Hapo. Dirishani ndiko mtandao unashika.

20:38 Yona: Mama siku hizi anakula herufi. Juzi nimemtumia hela akajibu "nime okea". Nikajua kaiga vijana 😂

20:41 Mama: Usiku mwema

JUMAMOSI

11:15 Sifa: Nimefika kwa Mama. Nipeni dakika.

11:52 Sifa: [sauti, 1:38]

11:58 Yona: Niko kwenye kelele, andika

12:06 Sifa: Sawa. Mama hajaiga vijana. Upande wa kulia wa kioo tachi imekufa, kuanzia juu mpaka chini. Kwenye kibodi p na l ziko huko huko, na kitufe cha kufuta, na cha kutuma ujumbe. Unajua anatumaje? Anaandika simu imesimama, anailaza, kitufe kinahamia sehemu nzima, anabonyeza, anaisimamisha tena. Kwa kila ujumbe. p na l angeweza kuzipata hivyo hivyo, amechoka tu kugeuzageuza.

12:07 Neema: Jamani Mama 😢

12:09 Sifa: Subiri. Sehemu ya kupiga namba hailali. Ukigeuza simu inabaki vile vile, kwa hiyo alama ya reli (#) haibonyezeki kabisa. Bila reli huingii kwenye menyu ya hela.

12:10 Yona: Sasa hela anatoaje?

12:13 Sifa: Anachomoa laini anaenda nayo kwa jirani, wanaiweka kwenye kitochi chao. Namba za kile kitochi zimefutika, miwani ya Mama imevunjika mkono, basi anabonyeza kijana wao. Namba ya siri Mama anaitaja kwa sauti. Tangu Aprili.

12:14 Yona: Haaa

12:14 Mjomba Lazaro: Na hela ya kikoba si yuko nayo yeye?

12:15 Sifa: Ndiyo Mjomba. Mweka hazina.

12:19 Mama: Kijana yu e ni mwema. Yuko darasa a sita. Hajawahi kuchukua hata mia

12:20 Neema: Hatusemi ni mwizi Mama. Ila yeye anaijua, mama yake anaijua, na yeyote aliyekuwa pale uani anaijua.

12:24 Sifa: Nimeiweka laini kwenye simu yangu, Mama amebadilisha namba ya siri mwenyewe, mimi nimegeukia mizabibu. Na amekatazwa mwaka wa kuzaliwa.

12:31 Yona: Nakiri nilisema ufa hauzuii kuongea. Nilikuwa nawaza simu yangu.

12:33 Yona: Sasa hesabu. Mwaka jana si alibadilishiwa kioo? Kwa nini kimekufa tena?

12:40 Sifa: Ndiyo nataka fundi anijibu. Nakuja nayo mjini, nimeizima.

15:27 Sifa: Nipo kwa fundi Majengo. Amefungua mbele yangu. Betri imevimba kama andazi, imekisukuma kioo kutoka nyuma mpaka utepe wa tachi upande ule umekatika. Anasema cha mwaka jana nacho kilikuwa kopi, lakini hata kingekuwa OG, yaani orijino, kisingepona. Aliyekibadilisha aliona uvimbe akafunika.

15:28 Shangazi Kibaigwa: Mshenzi

15:30 Sifa: Betri kaitoa taratibu kwa uzi, bila bisibisi, kaiweka nje kwenye kopo la mchanga. Bei: kioo na tachi yake OG 85,000, kopi 45,000. Betri 22,000.

15:34 Yona: OG na betri ni 107,000. Mpya 280,000. Haifiki hata nusu. Tengeneza.

15:37 Neema: Yona hiyo ya nusu mbona unaipima na bei ya mpya? Ipime na simu yenyewe. Ukiiuza leo nani anatoa hata 60,000? Tunaweka laki kwenye kitu cha 60,000.

15:39 Yona: Kwani tunaiuza? Swali ni itamtumikia muda gani.

15:44 Sifa: Naweza kusema ninachokiona. Ni Android 10, WhatsApp bado inaikubali, kwa hiyo haifukuzwi kesho. Apdeti za usalama haipati tena, hilo baya, ila Mama hana programu ya benki humo, anatumia menyu ya kubonyeza. Ina redio isiyokula bando. Ubao mzima, maiki nzima, spika nzima. Tundu la chaji lilikuwa limejaa vumbi letu hili la mwezi wa saba, fundi kachokonoa kwa kijiti cha meno, bure. Na uzito wake ulikuwa memori, GB 32 zimejaa. GB 11 ni maua na habari za asubuhi.

15:45 Neema: Mjomba 👀

15:47 Mjomba Lazaro: Salamu ni heshima

15:52 Neema: Haya, nimelegea. Ila sio kopi.

15:53 Yona: Sio kopi. Mwombe apunguze.

16:10 Sifa: 95,000 vyote, tachi ikiharibika ndani ya mwezi mmoja anarudia. Nimemwambia aandike kwenye risiti, kaandika nyuma ya boksi la protekta. Protekta kaongeza.

16:12 Neema: Natuma 40

16:13 Yona: 30

16:15 Mjomba Lazaro: 20, ila makato juu yenu

16:15 Sifa: Mimi 5 ya mwanafunzi. Imetimia.

16:18 Shangazi Kibaigwa: Mimi debe la mahindi litashuka na basi Jumatatu. Na miwani ya wifi nani anaitengeneza?

16:20 Neema: Mimi. Nilikuwa sijui imevunjika.

16:21 Yona: Na mavuno ya zabibu yakija tuanze kuweka kidogo kidogo ya mpya. Hii tumeinunulia mwaka, miwili ikipenda.

JUMAPILI

17:36 Sifa: Nimeirudisha. Kanda ya mpira Mama kagoma kuitupa, anasema ataifungia unga.

17:49 Mama: p

17:49 Mama: l

17:50 Mama: pppplllll

17:51 Neema: 😂😂 Mama unafanya nini

17:53 Mama: Pilipili. Palilia. Lulu. Naona zinaingia zote

17:54 Shangazi Kibaigwa: Wifi karibu tena duniani

17:55 Mjomba Lazaro: Hongera dada. Kesho nakuletea maua

17:58 Mama: Asanteni sana wanangu, na kaka, na wifi. Nimepokea. Sasa Yona, ile hela ya pampu ya shamba uliyokopa mwezi wa nne utalipa lini? Nilikuwa nashindwa kuandika