Mahipi waliozeekea kwenye jumuiya: shamba la pamoja linatosha kuwa pensheni?

Mleta mada:
Wadau, mimi nasema linatosha. Chukueni The Farm, jumuiya ya mahipi (vijana wa miaka ya 1960 waliokataa maisha ya kawaida) kule Summertown, Tennessee, Marekani. Walitoka San Francisco kwa msafara wa mabasi wakimfuata mwalimu wao, Stephen Gaskin, wakatua mwaka 1971, kila aingiaye akikabidhi alichonacho kwenye mfuko mmoja. Mwaka 1983 madeni yaliwazidi, na tangu hapo kila mtu mzima anajitafutia kipato na kutoa mchango wa mwezi, lakini ardhi imebaki ya wote. Mzee wa pale ana jirani wa kumpeleka kliniki na hana mwenye nyumba wa kumtolea vyombo nje. Wenzake waliobaki mjini wana nini?

Karani wa Mafao:
Mkuu, umeruka hesabu. Pensheni ya serikali ya Marekani huipati bila pointi 40, zinazotokana na kipato kilichokatwa kodi ya hifadhi ya jamii, na kwa mwaka hupati zaidi ya 4. Kulima maharage ya soya bila mshahara hakukupi hata moja. Kisha mafao hukokotolewa kwa miaka 35 yenye kipato kikubwa zaidi, na pengo hujazwa sifuri. Pointi hizo hizo ndizo zinazofungua bima ya hospitali (sehemu A) ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, ukifika miaka 65. Mwenye 40 halipii sehemu A. Mwenye pungufu ya 30, mwaka 2025, alitakiwa kutoa dola 518 kila mwezi, labda awe na mwenza wa ndoa mwenye pointi zake.

Mwanasheria Mdogo:
Karani yuko sahihi, ila The Farm si mfano wake mzuri. Aliyeanza kukatwa mwaka 1983 na kufanya kazi miaka 30 ana sifuri tano tu. Hilo si janga. Wa kuhofiwa ni wa jumuiya ya Twin Oaks, Virginia, ambako tangu 1967 mapato ni ya pamoja hadi leo. Sheria ya kodi inahesabu fungu la mwanachama kama gawio, si ujira, kwa hiyo halikatwi hifadhi ya jamii na halizai pointi. Akibaki ndani anatunzwa. Akitoka na miaka 68, anatoka mikono mitupu.

Dawa ipo, maana pointi hazina ukomo wa umri. Mwenye 32 anahitaji miaka miwili ya kujiajiri. Hapa wengi hukosea: mwaka 2025 pointi 4 zilihitaji dola 7,240, basi mtu anatangaza faida ya 7,240 na kupewa pointi 3. Kwa aliyejiajiri inahesabiwa asilimia 92.35 tu ya faida, kwa hiyo ilibidi ifike kama 7,840. Kodi yake ni takriban dola 1,108. Ukilinganisha na dola 285 kila mwezi, alizotakiwa kulipia sehemu A mwenye pointi 30 hadi 39 mwaka huo, ni bei ya mchekea.

Na cheti cha ndoa! Mwenza anaweza kupata hadi nusu ya mafao ya mwenzake, hata aliyeachika, mradi ndoa ilidumu miaka 10 na hajaolewa au kuoa tena. Lakini Tennessee haitambui ndoa ya kuishi pamoja tu. Miaka 40 chini ya paa moja bila cheti, mbele ya karani wa serikali ni bure.

Fundi Seremala:
Mnabishania karatasi, jamani. Mleta mada, huyo jirani wa kumpeleka kliniki ana miaka mingapi? Walifika vijana pamoja, wakazeeka pamoja. Dereva naye ana mtoto wa jicho.

Vijana hawaingii kwa urahisi kwa sababu ya ardhi hiyo hiyo mnayoisifu: nyumba iliyo juu ya ardhi ya wote haiwekwi rehani, benki haikopeshi, na mnunuzi sharti kwanza akubaliwe uanachama. Mzee naye hawezi kuiuza sokoni alipie makao ya wazee. Medicare hailipii malezi ya kudumu. Ni siku 100 tu za uuguzi, tena baada ya kulazwa hospitali.

Halafu nyumba zenyewe. Zimejengwa kwa mikono, chumba cha kulala darini, ngazi kama ya kuku, jiko la kuni. Njia ya kiti cha magurudumu inataka futi 12 kwa kila futi moja ya kimo. Baraza la sentimita 60 ni zaidi ya mita saba za mbao, na uwanja wenyewe una mteremko. Kitanda kishuke chini kabla ya kuteguka nyonga, si baada.

Mleta mada:
Ya pointi nakubali. Ya majirani bado. Mtu wa miaka 75 anaweza kupika, kukumbusha dawa, kukaa na mgonjwa usiku. Asichoweza ni kumnyanyua. Basi kaya sita zichange, ziajiri mnyanyuaji mmoja.

Fundi Seremala:
Zichange kutoka wapi, mkuu? Kwenye pensheni yenye sifuri tano?

Mwanasheria Mdogo:
Tano zinavumilika, Fundi. Niulize za yule wa Virginia.