Wapuritani na "mji juu ya mlima": ndio walioijenga Marekani?

Mwalimu_Temeke
Wakuu, naomba msaada. Kidato cha sita wana mdahalo Ijumaa: "Marekani ilijengwa na Wapuritani," yaani Waprotestanti wa Uingereza waliotaka kulitakasa kanisa lao. Wanaounga mkono wameshika meli ya Mayflower na hotuba ya "mji juu ya mlima" ya John Winthrop, kiongozi wa koloni la Massachusetts, basi. Waongeze nini, na watabanwa wapi?

Kibuyu74
Mwalimu, watabanwa hapo hapo kwenye Mayflower. Waumini waliofika Plymouth nayo mwaka 1620 walikuwa wameshajitenga na Kanisa la Uingereza. Winthrop alikuja 1630 na kundi jingine, la Massachusetts Bay, lililotaka kulitakasa kanisa hilo bila kulikana.

Hotuba nayo wasiisome nusu. "Mji juu ya mlima" ni Mathayo 5:14, lakini Winthrop alikuwa anaonya: macho ya watu wote yatatutazama, na tukimdanganya Mungu katika kazi hii tutakuwa mithali duniani kote. Ni agano lenye sharti, kama lile la Kumbukumbu la Torati. Tena ilichapwa kwa mara ya kwanza 1838, kwa hiyo wasiseme waasisi wa 1776 waliisoma. Kennedy aliinukuu Januari 1961, kisha Reagan akaupa mji ule sifa ya kung'aa. Sharti likafifia, sifa ikabaki.

BintiUpanga
Mimi ningewapa shule. Sheria ya Massachusetts ya 1647 iliagiza kila mji wenye kaya 50 uajiri mwalimu wa kusoma na kuandika. Zikifika 100, uwe na shule ya Kilatini. Sababu imeandikwa ndani ya sheria yenyewe: Shetani hutaka watu wasiyajue Maandiko.

Halafu kura. Kuanzia 1631 mpiga kura wa koloni alikuwa mwanamume mshirika wa kanisa, na ushirika ukaja kudai usimame mbele ya waumini ueleze jinsi neema ilivyokugusa. Watoto wao walibatizwa, wakakua, wengi wasiwe na ushuhuda wa kutoa. Wajukuu je, wabatizwe? Mwaka 1662 wachungaji wakakubali, ila wazazi hao wasikaribie Meza ya Bwana wala kupiga kura kanisani. Hapo ndipo mahubiri ya kulia kwamba taifa limeliacha agano yalipopata nguvu, na wanasiasa wa Marekani wanayahubiri mpaka leo.

Kibuyu74
Sawa kabisa dada. Ila wapinzani wana silaha nzito: Jamestown, Virginia, makazi ya Waingereza ya kabla ya Mayflower, ni ya 1607, ikaishi kwa tumbaku. Na uhuru wa dini haukutoka kwa Winthrop. Mchungaji Roger Williams alifukuzwa Massachusetts, akaanzisha Providence mwaka 1636. Mary Dyer wa madhehebu ya Marafiki (Quakers) alinyongwa Boston mwaka 1660. Hata marekebisho ya katiba ya 1791 kuhusu uhuru wa dini yalilizuia Bunge la shirikisho tu, ndiyo maana Massachusetts iliendelea kutoza kodi ya kanisa hadi 1833.

Mwalimu_Temeke
Asanteni sana. Kuna mmoja anataka kuingiza Krismasi.

BintiUpanga
Aiondoe, mwalimu. Wapuritani hawakuona tarehe hiyo kwenye Biblia. Kuanzia 1659 hadi 1681, kuisherehekea Massachusetts kulikuwa na faini ya shilingi 5.