Shule ya Title I wanataka nisaini makubaliano, mzazi nina haki gani?

MamaWawili
Wadau habari zenu, nyie mliokaa huku Marekani muda mrefu naombeni msaada. Binti yangu yuko darasa la tatu, kaleta bahasha ina karatasi za kiingereza, moja inasema shule yao ni ya Title I na wazazi tunaitwa mkutanoni, nyingine ni makubaliano ya shule na mzazi natakiwa nisaini niirudishe. Sasa kile kiingereza cha kisheria mie sikiwezi, nikampa mtoto anisomee akafika katikati akachoka. Baba yake anasema saini tu huo ni utaratibu. Mie naogopa kusaini nisichokijua, halafu nasikia mwalimu wao hayupo muda sasa, anaingia wa kushikiza. Hivi mzazi unaruhusiwa kuuliza au ndo utaonekana msumbufu?

Kipanga
Uliza dada, tena uliza sana. Title I ni hela za serikali kuu zinaenda kwenye shule zenye watoto wengi wa familia za kipato cha chini, zilianza na sheria ya 1965 enzi za Rais Johnson, siku hizi inayotumika ni sheria ya elimu inaitwa ESSA, ya 2015. Hizo hela zina masharti na mojawapo ni kushirikisha wazazi. Kwanza mkutano wa kila mwaka wa kuwaelezea hiyo programu na haki zenu, ndo huo ulioitiwa, nenda. Pili hayo makubaliano yanatakiwa yatungwe pamoja na wazazi, yaseme shule itafanya nini na we utafanya nini nyumbani, na shule ya msingi lazima angalau mara moja kwa mwaka mwalimu akae na wewe myaongelee kuhusu mtoto wako. Sheria ya serikali kuu haisemi lazima usaini, kwahiyo hamna haraka.

Kuhusu mwalimu una haki kuomba taarifa za sifa zake, kama ana leseni ya jimbo kwa darasa na somo analofundisha. Na mtoto akifundishwa wiki 4 au zaidi mfululizo na mtu asiyetimiza masharti ya leseni ya jimbo, shule ndo inatakiwa ikujulishe yenyewe, sio mpaka usikie kwa mtoto.

MzeeKimya
Mnamjaza mwenzenu maneno. Sisi ni wageni, ukianza kudaidai wanakuwekea alama, na wengine makaratasi yao bado hayajakaa sawa. Asaini yaishe mtoto asome.

BintiSalama
Shikamoo mzee, ila kwa hilo hapana. Mie ni msaidizi wa darasani huku, walimu wanampenda mzazi anayeuliza, asiyeonekana kabisa ndo wanamsema. Na hayo ya makaratasi, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua 1982 kwenye kesi ya Plyler v. Doe iliyotoka Texas kwamba mtoto hanyimwi shule ya msingi wala sekondari ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Uoga huu ndo unafanya mikutano yetu iwe na viti vitupu halafu tunalalamika pembeni.

MamaWawili, mtoto asikusomee tena hizo barua, akikutana na kitu kinachomhusu yeye atakuficha 😅. Shule inayopokea hela za serikali kuu inatakiwa ikupe mambo muhimu kwa lugha unayoelewa na mkalimani wa bure, hiyo inatokana na sheria ya haki za kiraia ya 1964. Waandikie imeili fupi, sema unaomba mkalimani wa Kiswahili siku ya mkutano na uelezwe hayo makubaliano kabla hujasaini. Andika usipige simu, ili kumbukumbu ibaki.

Kitu kingine watu hawakijui, wilaya ya shule, yaani mamlaka inayosimamia shule za umma za eneo lenu, ikipata zaidi ya dola 500,000 za Title I lazima itenge angalau asilimia 1 kwa ajili ya kushirikisha familia, na wazazi wana sauti hela hiyo itumikeje. Inaruhusiwa kulipia hata usafiri au wa kuwaangalia watoto wakati nyie mko kikaoni. Wazazi wasipotokea, watu wa wilaya wanaamua wenyewe.

MamaWawili
Asanteni sana, mzee na wewe asante nakuelewa. Baba yake nimemsomea haya kanyamaza tu. Imeili naiandika leo.

JiraniMwema
Nidandie hapohapo jamani. Wa kwangu wanasema hashiki masomo wanataka kumpima kama anahitaji elimu maalumu, nao wanaweza kumpima tu?

BintiSalama
Hapana, upimaji wa mara ya kwanza lazima ukubali kwa maandishi. Ukishakubali wana siku 60 kumaliza, labda jimbo lenu liwe na muda wake. Ukitaka kuona faili lake la shule omba pia, mwisho wao siku 45.