Naomba ushauri: nipangeje hotuba ya dakika 10?

Habari zenu wakuu. Nimepewa dakika 10 kuzungumzia uchangiaji damu mbele ya watu kama 200, na mpangilio wa hotuba unanisumbua. Mara ya mwisho niliandika yote neno kwa neno. Katikati nikapoteza mstari, kidole kikawa kinahangaika kwenye karatasi huku ukumbi umenyamaza kimya. Sitaki yanirudie.

Safari hii nina muhtasari wa karatasi moja. Kiini kina hoja tatu: nani huhitaji damu, kwa nini lazima ichangiwe kila mara (chembe nyekundu huhifadhiwa kwenye jokofu hadi siku 42 tu), na hofu ya sindano. Hapo kwenye hofu ndipo nataka kukaa zaidi, maana ndipo wengi wanapokwama. Nikizungumza maneno kama 130 kwa dakika, nina maneno 1,300 hivi, kwa hiyo kuna mambo itabidi niyaache.

Nimesoma mpangilio wa hotuba za kushawishi wa Alan Monroe, mwalimu wa hotuba wa Marekani, wa miaka ya 1930: vuta usikivu, onyesha hitaji, toa suluhisho, wachoree picha ya matokeo, kisha waombe wachukue hatua. Nikiufuata, hofu ya sindano iingie wapi? Kabla ya suluhisho au baada yake? Na nikifungua kwa kisa cha mama aliyetokwa damu nyingi akijifungua, nitawavuta au nitawatisha?

Vidokezo vyenyewe mnaandika sentensi kamili au neno mojamoja? Mliozoea jukwaa nisaidieni, nasimama wiki ijayo.